Haki ya Kuutegemea Msimu Ujao

Mvua zinapoelekea kwisha katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, mkulima anayelima ntumba hukusanya nyasi, akazifukia na kuinua vilima vya udongo shamba zima. Nyasi huoza humo kiangazi chote. Mvua zikirudi, vilima hutawanywa, na ulezi au mahindi hupandwa juu ya rutuba hiyo. Jasho la mwaka huu linalipia mwaka ambao hakuna aliyeuona, na hakuna anayeinua jembe huku akijiuliza kama jua litawaka mwakani. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo ukawaida wa binadamu: kuutegemea msimu ujao bila hata kuuwazia. Silaha za nyuklia, hata zikiwa zimelala ghalani, zinautishia ukawaida huo kuliko kitu kingine chochote alichowahi kukiunda mwanadamu.

Ziko filamu zilizolitazama jambo hili kwa ujasiri. Hazifanani na zile zinazojaza vibanda umiza, ambamo shujaa hukata waya wa bomu sekunde ya mwisho. Katika Threads, iliyoonyeshwa na BBC Septemba 1984, shujaa hayupo. Yuko Ruth, binti mjamzito wa mji wa Sheffield, Uingereza, aliyekuwa akijiandaa kuolewa na Jimmy. Bomu linaanguka, Jimmy hapatikani tena, viongozi wa mji wanafia handakini, masizi yanaziba jua na mavuno yanakuwa haba. Miaka kumi baadaye Ruth amezeeka kabla ya umri wake, na anafanya kazi shambani mpaka anaanguka. Katika The Day After, ambayo Wamarekani wapatao milioni 100 waliitazama tarehe 20 Novemba 1983, wakulima waliosalimika huko Marekani wanaelekezwa na ofisa wakwangue udongo wa juu wenye mionzi kabla ya kupanda. Wanataka kujua watakwanguaje mashamba yote hayo, na udongo huo wakautupe wapi. Hawapati jibu la kuwafaa.

Swali lao mkulima wa Laela au Matai, huku Ufipa, analielewa vizuri kuliko mtazamaji wa mjini. Udongo wa juu ndio shamba lenyewe. Humo mna nyasi zilizofukiwa na mama yake na bibi yake, mwaka baada ya mwaka. Kumwambia aukwangue autupe ni kumwambia aitupe kazi ya wote waliomtangulia.

Hata hivyo, filamu hizi nazo zina upofu wake. Threads inamwonyesha mtu anayelima kwa mikono kana kwamba huko ndiko chini kabisa binadamu anakoweza kuanguka. Ufipa jembe la mkono limelea watoto na kusomesha wengi, na zamani Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe katika matanuru marefu ya udongo ili wapate majembe. Kulima kwa jembe si maangamizi. Maangamizi yanaonekana kwa Jane, bintiye Ruth, na watoto wa rika lake, wanaosema maneno machache yaliyokatikakatika kwa sababu karibu hakuna aliyebaki na nguvu ya kuwalea na kuwafundisha. Mbegu inaweza kuwepo na jembe likawepo, lakini kama hakuna wa kumweleza mtoto ipandwe lini na kwa nini, msimu ujao umeshakufa. Bomu linaua walio hai, kisha linakata urithi ambao wangeuacha.

Upofu wa pili ni mzito zaidi, kwa kuwa unahusu nani anahesabiwa kuwa mtu. Filamu ya Oppenheimer ya mwaka 2023, kuhusu mwanasayansi aliyewaongoza wenzake kuliunda bomu la kwanza la atomiki, inatuonyesha gololi zikitumbukizwa katika chombo cha kioo, kuashiria urani inavyoongezeka. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa kuliunda bomu hilo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière chini ya utawala wa Wabelgiji. Wachimbaji Waafrika, katika nchi ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya migodini, waliyashika kwa mikono mawe ambayo urani yake iliiteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Filamu haiwaonyeshi wachimbaji wale, wala haituonyeshi mji ule ukiungua. Mwanzo wa bomu na mwisho wake vimeachwa nje. Tumebakiziwa dhamiri ya wataalamu waliokuwa katikati.

Ufipa inatulazimisha kutazama ncha zote mbili. Upande mmoja, ng'ambo ya ziwa, ndiko madini yalikochimbwa. Upande mwingine ni mashamba haya, ambayo hakuna jenerali anayeyalenga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Food ulikadiria kwamba vita kamili vya nyuklia kati ya Marekani na Urusi vingeweza kuua watu zaidi ya bilioni 5, wengi wao kwa njaa, na katika nchi zisizopigana. Masizi yakipanda angani hayasimami mpakani kuuliza nani alianza.

Atatokea wa kusema kwamba Rukwa ina shida zake: bei ya mbolea, barabara za vijijini, soko la mahindi; mabomu tuwaachie wakubwa. Shida hizo ni za kweli na hazingojei. Lakini kila moja ni shida ya mtu anayejali kesho yake. Anayehangaikia mbolea ya mwakani ameshadai kwamba mwakani ni haki yake, na anayedai haki hiyo mbele ya mwenye duka anaweza kuidai pia mbele ya mwenye kombora.

Mwalimu Nyerere alilijua hilo. Mei 1984, miezi michache kabla Threads haijaonyeshwa, yeye na viongozi wenzake wa nchi nyingine, Indira Gandhi, Olof Palme, Raúl Alfonsín, Miguel de la Madrid na Andreas Papandreou walitoa wito wa pamoja kwa mataifa yenye silaha hizo yasitishe kuziunda na kuzirundika. Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009, umeifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, na mwaka 2019 Tanzania ilitia saini mkataba wa kuzipiga marufuku duniani.

Lakini sahihi haziwezi kutuonyesha sura za watu. Kazi hiyo ni ya filamu, na natamani watengenezaji wetu waifanye: waanzie kwa mchimbaji wa Shinkolobwe na kufika kwa mkulima asiye na adui. Anayeshika ufunguo wa kurushia kombora hudhani anaamua ugomvi wake na adui yake tu. Kumwonyesha mkulima huyo, na kila kitu ambacho angepoteza, ni kumwambia mshika ufunguo hadharani kwamba ruhusa ya kuamua juu ya msimu wa wengine hakuna aliyewahi kumpa.