Shimo Lililokatazwa

Sisi tunaoishi Runzewe na vijiji vya kandokando tunajua jinsi habari ya dhahabu inavyokimbia. Asubuhi mtu kapata mawe mazuri porini. Jioni bodaboda zinashusha watu, mama lishe kashawasha moto, na vijana wanaulizana ni duara gani, yaani shimo la kuchimbia, bado lina nafasi. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza si habari ya watu wa mbali, wala si ya wajinga. Ni watu kama sisi.

Mwanzoni mwa 2024, katika kijiji cha Ikinabushu wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, rashi ya namna hiyo ilitokea eneo la Ng'alita. Mawe yalionekana, na ndani ya wiki mbili tatu watu walikuwa wamehamia pale kabla serikali haijaridhika na usalama wa eneo. Afisa madini wa mkoa alifika, akawakataza kuchimba mpaka taratibu zikamilike. Mvua nayo ilikuwa haikatiki. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, tarehe 13 Januari, kundi la watu likaingia kuchimba. Ardhi ikatitia, ikawafukia. Mkuu wa wilaya, Simon Simalenga, alieleza kuwa walikuwa watu wa miaka 24 hadi 38, umri wa kulea watoto wadogo na kutunza wazazi.

Dalili zilikuwepo, tena wazi. Ya kwanza ilikuwa mvua yenyewe. Wiki kama sita tu kabla, tarehe 3 Desemba 2023, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaua makumi ya watu Katesh, na nchi nzima iliona ardhi iliyoshiba maji inaweza kufanya nini. Udongo ukinywa maji unaongezeka uzito na kupoteza mshikamano, kama ukuta wa tofali mbichi uliolowa. Tena hauanguki lazima wakati mvua inanyesha. Maji yanaendelea kushuka chini kimyakimya, na shimo linaweza kuporomoka jua likiwa limewaka na watu wameanza kusema hali imetulia. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanatazama mbingu, hawatazami kuta za duara.

Dalili ya pili ilikuwa katazo. Nalisemea hili kwa uchungu, maana najua katazo linavyopokelewa machimboni. Mtu husema, "Hao wanataka kuwapa wakubwa eneo letu." Huenda kuna mahali neno hilo lilikuwa na ukweli. Lakini udongo haujui nani alikatazwa kwa haki na nani kwa hila. Ukiambiwa shimo halijakaguliwa, dai lako la eneo lipeleke ofisini mchana. Usilipeleke chini usiku.

Sijitoi katika hili. Mtu akisikia mwenzake katoa mifuko mitano ya mawe ya maana, na ada ya shule inadaiwa, moyo unasogea. Ningekuwa pale Ng'alita, sina hakika kama ningekuwa wa kwanza kusema "tusishuke". Ndiyo maana uamuzi huo haufai kufanywa mdomoni pa shimo, wenzako wamekwisha shika sururu. Ufanywe mapema, mkiwa mmekaa, kwamba mvua kubwa ikinyesha hakuna anayeshuka mpaka mtu mzoefu akague kuta na matimba yanayozizuia. Ukiona ufa karibu na mdomo wa duara, udongo unadondoka kidogokidogo, maji yanachuruzika mahali palipokuwa pakavu, au timba linalia, panda juu kwanza. Maswali yataulizwa nje. Na kile kifusi mnachorundika ukingoni kisogezwe mbali, kwa sababu uzito wake wote unaelemea kuta zilezile.

Kuna jambo moja la Ng'alita ambalo haliniondoki. Mwanzoni uongozi uliambiwa kwamba waliofukiwa ni 19 au 20. Miili iliyotolewa ilikuwa 22. Maana yake walikuwepo watu wawili au watatu chini ya ardhi ambao hesabu ya juu haikuwa nao. Waokoaji wakiridhika na hesabu pungufu, wanaweza kuacha kuchimba mtu bado yumo. Tunakumbuka machimbo ya Nyangarata, Kahama, mwaka 2015. Shimo liliporomoka tarehe 5 Oktoba, na watu watano wakatolewa hai baada ya siku 41, wakati walikwisha hesabiwa marehemu. Mmoja wao alifariki baadaye hospitalini.

Daftari la shilingi chache lingesaidia. Anayeshuka aandikwe jina, saa na duara, na akipanda afutwe. Mwenye duara asiruhusu mtu kushuka bila hilo, na mchimbaji asikubali kushuka kabla hajaandikwa.

Daftari hilohilo ndilo litakalomsaidia mjane. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 imeanzisha Mfuko wa Fidia, WCF, unaochangiwa na waajiri. Mtu akiumia kazini kuna matibabu na malipo ya ulemavu, na akifa kuna msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi. Shida ya machimbo yetu ni kwamba wengi tunafanya kazi kwa mgao wa mifuko, bila karatasi. Siku ya ajali mwenye leseni anasema hakumwajiri marehemu, mwenye duara anasema alikuwa mshirika tu, na familia haina cha kuonyesha. Muulize anayekuchukua, kabla hujashuka mara ya kwanza, kama amejisajili WCF. Makubaliano yaandikwe, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari la shule, yasainiwe mbele ya shahidi, na nakala ibaki nyumbani, si mfukoni mwa suruali unayoshuka nayo shimoni.

Kwa familia ambayo ajali imekwisha kuifika, taarifa inatakiwa ifike kwa Mfuko ndani ya miezi 12 tangu ajali. Msingoje arobaini ipite, kisha mavuno, kisha mgogoro na mwenye duara uishe. Chukueni cheti cha hospitali na majina ya waliokuwa zamu hiyo, mwende mapema, wakati mashahidi bado hawajahamia rashi nyingine.