Nguo Isiyo na Mwenyewe

Mwanamke anapoitamani jana, huitamani jana yake au jana aliyochongewa na wengine? Swali hili si jepesi, kwani sifa nyingi za mwanamke wa kale hugeuzwa kuwa kamba ya kumfungia mwanamke wa leo.

Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, alizaliwa Coyoacán mwaka 1907. Mwaka 1933, akiwa New York na mumewe Diego Rivera, alichora nguo yake imetundikwa. Ni vazi la wanawake wa Tehuantepec, nalo laning'inia kwenye utepe, kati ya choo cha kukalia na kikombe cha ushindi vilivyowekwa juu ya nguzo. Nyuma yamesimama majumba marefu. Chini umejaa umati. Mwenye nguo hayumo.

Picha hiyo ni kilio cha mgeni aliyekumbuka kwao, lakini si kilio tu. Tehuantepec haikuwa nyumbani kwa Frida, na Rivera alipenda kumwona katika vazi lile. Mtu angeweza kusema kuwa alivishwa. Picha yajibu: nguo ipo, Frida hayupo. Awezaye kulivua vazi na kulitundika mbele ya macho ya watu si mtumwa wake.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Hamu ya kale ni pambo kwa aliyeichagua, na ni pingu kwa aliyetwishwa. Basi tusifupo mavazi ya mama zetu, na tuwape binti zetu hiari ya kuyatundika.