Fedha Tusizoziomba



Mwezi wa Desemba mwaka 2022 dada yetu mkubwa, aliye muuguzi mstaafu nchini Uingereza, alitutumia fedha kwa simu. Zilipobadilishwa zilizidi kidogo shilingi laki nane. Pamoja nazo alituma maneno machache: "Mdogo wangu, hizi serikali imenitilia benki bila mimi kuomba. Sikuzitolea jasho. Mpe mtu unayeona anastahili."

Tulidhani kazi hii ni nyepesi. Mtu aliyefundisha na kusahihisha mitihani katika chuo cha ualimu miaka mingi hashindwi kugawa laki nane. Lakini neno lile "anastahili" lilitunyima usingizi, na mpaka leo hatujamaliza kulitafakari. Ndiyo sababu tumeomba nafasi katika gazeti letu la mtaa, ili tuulizane sisi kwa sisi: Je, mtu anayepokea fedha asizozifanyia kazi ana haki nazo? Na kama hana shida nazo, imempasa afanye nini?

Kwanza tueleze fedha zenyewe zilikotoka. Bei ya gesi ilikuwa imekwisha kuanza kupanda mwaka 2021, na Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, ikazidi kuruka. Kule Uingereza nyumba nyingi hupashwa joto kwa gesi, na mzee asiyewasha moto wakati wa baridi aweza kuugua, hata kufa. Mwezi Oktoba mwaka ule mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1, kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana kule kwa muda wa miaka 41.

Serikali yao ilikuwa imetangaza msaada tangu mwezi Mei. Kaya za kipato kidogo zilizokuwa zikipata ruzuku zilipewa paundi 650 kwa mafungu mawili. Wenye ulemavu wanaopata posho walipewa paundi 150. Karibu kila kaya ilipunguziwa paundi 400 katika malipo ya umeme. Na kaya za wazee wastaafu zilipewa paundi 300, juu ya fedha za kuwashia moto wakati wa baridi ambazo wazee wa kule wamekuwa wakilipwa tangu mwaka 1997. Wazee hawa hawakujaza fomu mpya kwa ajili ya zile 300. Zilimwingilia anayekula mkate mkavu, zikamwingilia na mwenye nyumba mbili. Waziri wa fedha wa wakati ule, Rishi Sunak, ambaye ni tajiri, alisema kwamba yeye mwenyewe angeitoa sehemu yake kwa shughuli za hisani.

Basi dada yetu alipata jumla ya paundi 500. Mia mbili alibaki nazo kwa gesi yake. Mia tatu aliona si zake, akatuma.

Sasa tuseme ukweli juu ya malezi yetu. Sisi tulilelewa chini ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Tulipokuwa shule ya msingi tulilima shamba la shule kabla jua halijawa kali, na tulipokuwa walimu tuliwalimisha wengine. Neno baya kuliko yote tulilojifunza lilikuwa "kupe". Kupe ni yule anayenyonya jasho la mwenzake. Tena Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike habari ya wavivu wasiotaka kufanya kazi, tulimsoma kana kwamba alikuwa mjumbe wa kamati ya shamba la kijiji. Mwaka 1983 ilipotungwa sheria ya nguvu kazi, na watu wasio na kazi wakaanza kukamatwa mijini na kurudishwa vijijini, wengi wetu tuliona ni sawa. Mtu ajitegemee, tulisema. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa moyo huo tulianza kumtafuta mtu "anayestahili".

Jirani yetu mmoja ni bibi mjane. Watoto wake wawili wamefariki, naye analea wajukuu watatu. Yumo katika orodha ya TASAF, ule Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012. Wasomaji mnajua mpango huu unavyokwenda: mkutano wa kijiji hukaa na kutaja kaya zilizo hoi, majina huhakikiwa, kisha ruzuku hutoka kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya fedha hutegemea watoto kwenda shule na kliniki. Mnajua pia maneno yanayosemwa siku ya malipo. Fulani ananunua kitenge. Fulani ana shamba analificha. Fulani amezoea kupewa. Hata nje ya kanisa baada ya ibada maneno hayo husemwa, na sisi tunakiri kwamba tumeyasema.

Basi tulikwenda kwa bibi huyu jioni moja. Alitukaribisha, akatutandikia mkeka, akatutilia chai. Sisi tukaanza kumhoji kama mkaguzi wa shule. Fedha za TASAF za mwisho alizifanyia nini? Je, amefuga kuku kama alivyoshauriwa? Na kama Mungu angemjalia laki kadhaa leo, angezitumiaje? Alijibu yote kwa utaratibu. Kuku alifuga, kideri kikawamaliza. Fedha za mwisho zilinunua unga, sabuni, madaftari, na kilo moja ya sukari. Kisha akanyamaza kidogo, akasema bila hasira, "Mwalimu, nikuulize. Wewe pensheni yako ikiingia, kuna mtu anayekuja kukuuliza umenunua sukari kilo ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai yake, yenye sukari ile ile, tukaaga.

Njiani tulijitetea moyoni. Tulisema, pensheni ni jasho letu la miaka yote ile. Lakini mtu akiwa peke yake njiani usiku, hoja zake humrudia. Nani aliyetusomesha mpaka tukaweza kutoa jasho hilo? Tulipoingia chuo cha ualimu mwishoni mwa miaka ya sabini hatukulipa ada. Tulipewa kitanda, godoro, ugali na maharage, vitabu, na waranti ya kusafiria nyumbani wakati wa likizo. Nani alilipa? Walilipa wakulima wa mkonge, pamba na kahawa, ambao wengi wao hawakujua kusoma, na watoto wao wengi hawakufika sekondari. Hatukuwaomba, wala hatukuwashukuru kwa majina. Tulipokea, tukaita haki yetu. Bibi yule alikuwa msichana wakati ule, akichuma karafuu na kupalilia mashamba ya watu. Yumkini kitanda tulicholalia kimo na shilingi yake.

Na dada yetu je? Anasema hakuzitolea jasho. Lakini amefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, zamu nyingi zikiwa za usiku, akikatwa kodi kila mwezi. Kodi hizo ziliwatunza wazee wa watu wengine alipokuwa yeye kijana. Sasa amekuwa mzee naye, na vijana wanamtunza. Huo si unyonyaji. Ndivyo watu wanavyoishi pamoja, hapa kwetu kwa mazao na ukoo, kule kwao kwa kodi na benki.

Kwa hiyo tunaona kwamba tulikosea tangu mwanzo wa hesabu. Tulimgawa mwanadamu sehemu mbili, anayestahili na anayepokea tu, kumbe kila mmoja wetu ameanza kwa kupokea. Mtoto mchanga hajalima. Katika mfano wa Bwana wetu wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, waliofika saa ya mwisho walipata ujira sawa na walioanza alfajiri, na walionung'unika hawakuwa wamedhulumiwa kitu. Waliumia tu kuona mwenzao ametendewa wema. Tuliufundisha mfano huo mara nyingi, nasi tukadhani wale wanung'unikaji ni Mafarisayo wa zamani.

Lakini mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: Je, ina maana kupe hawapo? Wapo. Yuko anayeandikisha jina la marehemu apate ruzuku. Yuko mwenye maduka anayejiita maskini siku ya orodha. Huyo anaiba, na wizi una jina lake. Lakini si haki kwa sababu ya mwizi mmoja kumfanya kila mjane asimame mbele ya mkutano athibitishe umaskini wake, kisha tumhukumu kwa kilo ya sukari.

Jambo hili hata mataifa makubwa hayajalimaliza. Malipo yale ya gharama za maisha yalirudiwa kule Uingereza mwaka 2023, yakaisha mapema mwaka 2024. Kisha mwaka huo huo serikali mpya ikaamua kwamba zile fedha za kuwashia moto zisiende tena kwa kila mzee, ila kwa wenye kipato kidogo wanaopata ruzuku maalumu. Kwa hesabu uamuzi huo una maana, kwani kwa nini tajiri apewe? Lakini ruzuku yenyewe sharti iombwe, na maelfu kwa maelfu ya wazee wanaostahili hawaiombi, wengine kwa kutojua, wengine kwa fomu ndefu, wengine kwa aibu tu. Dada yetu alitusimulia habari ya jirani yake, mzee wa Kiingereza, aliyesema afadhali avae makoti mawili ndani ya nyumba kuliko kumweleza karani mambo ya mfuko wake. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 2025 serikali ikageuza: kwa Uingereza na Wales kila mzee apewe, ila mwenye kipato kinachozidi paundi 35,000 kwa mwaka arudishe kwa njia ya kodi.

Tumetafakari sana tofauti hiyo. Ukimpa kila mtu, fedha nyingine huangukia wasio na shida, lakini hakuna anayeaibika. Ukichagua wenye shida, fedha hutosha zaidi, lakini wako watakaoaibika, na wengine watakosa kabisa. Serikali yoyote, yenye fedha au isiyo nazo, hulipa gharama moja kati ya hizo mbili. Serikali yetu haina fedha za kumpa kila mtu, na hatuilaumu kwa kuchagua. Aibu, lakini, haipangwi na serikali. Tunaitia sisi majirani, kwa ndimi zetu, na sisi twaweza kuiondoa bila gharama yoyote.

Yamebaki mambo mawili, na la kwanza ni gumu kuandika.

Katika zile laki nane tulitoa laki sita tu. Laki tatu tulimpelekea bibi yule, safari hii bila maswali. Laki tatu nyingine tuliwakabidhi akina mama wa umoja wao, wakazigawa kwa nyumba mbili wanazozijua wao. Laki mbili na kidogo zilizobaki tulizitia katika mabati ya nyumba yetu, kwa maana upande wa jikoni ulikuwa ukivuja. Tulijiambia kwamba sisi nasi ni wastaafu, na kwamba vitu vimepanda bei kwetu pia. Yote hayo ni kweli. Lakini hatukumwambia dada yetu. Kilichotuonyesha kwamba tumekosea ni kule kuficha. Yule mjane alitutajia mpaka kilo ya sukari, na sisi tulishindwa kutaja mabati.

Wakati wa Kwaresima iliyofuata tulimpigia dada simu, tukamweleza. Alikaa kimya, kisha akasema, "Ungeniambia, ningekuambia ezeka. Ila umezichukua kwa jina la mwingine." Alisema hivyo tu, naye alisema kweli. Tulizilipa kidogo kidogo kutoka pensheni yetu mpaka zikaisha, zikanunua sare na viatu vya watoto wa shule. Hatulisemi hili ili tusifiwe. Tunalisema kwa sababu makala ya kuwafundisha wengine habari ya fedha wasizoziomba isingekuwa ya haki bila hesabu ya mwandishi wake.

La pili ni jibu letu kwa swali tulilolianza, kadiri tulivyolifikia. Mtu akipewa na serikali yake asichokiomba, apokee kwa shukrani na asijione mwizi, kwa maana ni mkono wa wenzake wengi. Kisha aketi chini aitazame shida yake kwa ukweli. Kama ni ya kweli, atumie, na asimwombe mtu radhi kwa sukari. Kama hana shida, ajue kwamba fedha hizo zinapita tu kwake, azipitishe upesi kabla hazijapata mabati ya kuezeka. Na anapozipitisha, aiache nyumbani kalamu nyekundu ya mwalimu.

Bibi yule bado tunaonana naye. Amefuga kuku tena, na safari hii amewachanja. Juzi alituletea mayai sita yamefungwa katika kitambaa. Mkono wetu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni kutafuta fedha ya kumlipa, tukautoa mtupu, tukasema, "Ahsante, mama." Tunakiri kwamba haikuwa rahisi.