Nyumba ya Simuni na Nyumba Mnayolala



Kuna mchezo ulioingia katika familia zetu. Usiku, watoto wakishalala, mume au mke huchukua simu na kuanza kutazama nyumba zinazouzwa. Hana nia ya kununua, wala hana pesa. Anatazama tu. Hii iko Karen, ina bustani na miti mikubwa. Ile ni ghorofa ya Kileleshwa, jiko lina makabati ukutani. Anapanga moyoni: hapa watalala watoto, pale nitaweka viti, chumba kile ni cha mama akija kututembelea. Kisha anazima simu, na yuko pale pale katika chumba cha kupanga Kayole, pazia likitenganisha kitanda na meza.

Je, ni dhambi? La. Kutamani makao mema si dhambi. Papa Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikumbusha kwamba familia ina haki ya kupata nyumba ya heshima. Amri ya kumi inakataza wivu na uroho wa mali ya jirani. Haikatazi kutumaini.

Basi hatari iko wapi? Iko katika kuota peke yako.

Fikiria baba aliyetoka kazini, amekaa ndani ya matatu saa mbili kwa sababu ya msongamano. Anamkuta mkewe amegeukia ukuta, uso umemulikwa na simu. Anachungulia, anaona jumba la kifahari. Mke hajasema neno, lakini baba amesikia moyoni: "Wewe umeshindwa." Ananyamaza. Kesho yake anapitia baa kwanza. Mke naye anawaza, "Huyu hatujali." Hakuna aliyemtukana mwenzake, lakini ukuta umejengwa ndani ya chumba kimoja.

Mara nyingine ni baba anayetazama, na katika nyumba anayoiota mkewe hayumo. Ndugu yangu, hapo simama. Nyumba ambayo mwenzi wako hana nafasi ndani yake si mchezo tena, umeanza kuondoka. Amri ya tisa inamlinda mwenzi wa jirani, na ya kumi mali yake. Zimefuatana kwa sababu tamaa hizo mbili hutoka katika moyo mmoja. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Nawashauri mambo matatu.

Kwanza, tazameni pamoja. Mwite: "Baba watoto, njoo uone jiko hili." Naye aulize kwa upole: "Mama watoto, ni nini kinachokupendeza hapa?" Sikiliza jibu vizuri. Pengine si jumba analolitaka. Anataka mlango unaofungika, mahali mtoto atafanya kazi ya shule bila kelele, au dirisha la kutoa moshi. Meza ndogo na taa mnaweza kupata mwezi huu. Ndoto ikisemwa huonyesha haja. Ikifichwa huzaa lawama.

Pili, hesabuni. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anatuambia habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama. Ninyi pia ketini na daftari: kodi, karo, chakula, nauli, matoleo ya Kanisa. Kinachobaki, hata kama ni shilingi 500, kipelekeni katika chama au sacco kwa jina la nyumba yenu.

Tatu, msifichane. Usilipe arubuni ya ploti uliyoiona kwenye simu bila mwenzako kujua. Picha nzuri si hati. Nendeni wote wawili mkaone ardhi yenyewe, na hati ichunguzwe katika afisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka mume na mke wakubaliane kwa maandishi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Lakini sisi tuliokubaliana mbele ya altare, je, tungoje sheria itulazimishe kuambiana ukweli?

Mtoto Yesu alilazwa horini, kisha akalelewa Nazareti na seremala. Injili haituambii nyumba ile ilikuwa na vyumba vingapi. Inatuambia kwamba aliwatii wazazi wake, akakua katika hekima na neema.

Leo usiku, kabla hujazima simu, mwonyeshe mwenzi wako unachokitazama na umwambie kwa nini. Kisha shikaneni mikono, msali Baba Yetu katika chumba hicho hicho mlicho nacho.

Mungu aibariki nyumba yenu.