Kesho Iliyolipiwa Leo

Swali la waranti ya nyongeza huulizwa wakati mbaya. Mnunuzi ameshachagua kompyuta, wameshapatana bei, pengine ujumbe wa malipo ya simu umeshaingia. Muuzaji, ambaye muda wote huo alikuwa akiisifu mashine kwamba ni imara na haisumbui, sasa anabadilisha sauti: je, ikifa baada ya ule mwaka mmoja wa waranti ya kiwandani? Akiongeza fedha kidogo tu, mteja atalindwa miaka miwili zaidi. Nyuma yake watu wanasubiri kuhudumiwa. Ana dakika moja ya kuamua jambo ambalo mafakihi, wanafalsafa na wataalamu wa hesabu wamelibishania kwa karne nyingi: mtu anapolipia balaa ambalo halijatokea, amenunua nini hasa, na je, kitu hicho kinauzika?

Kwa mwenye imani, swali hilo lina uzito zaidi. Aya ya mwisho ya Sura Luqman inawakumbusha watu kwamba hakuna ajuaye atakalolichuma siku inayofuata. Waraka wa Yakobo, katika sura ya 4, unawakemea wafanyabiashara wanaopanga faida ya mwaka mzima kana kwamba uhai ni mali yao. Ndiyo maana ni vigumu kumsikia Mswahili akiahidi kuja keshokutwa bila kuongeza inshallah au Mungu akipenda. Kisha mtu huyohuyo anafika dukani na kuambiwa kwamba kesho ina bei, na bei yenyewe imeshachapishwa.

Wa kwanza kuulizwa juu ya jambo hili angefaa kuwa Blaise Pascal, aliyeunda mashine ya kukokotoa karne tatu kabla ya kompyuta za leo. Mwaka 1642, akiwa hajatimiza miaka 20, alianza kutengeneza mashine ya magurudumu ya meno ili kumpunguzia baba yake kazi ya kujumlisha hesabu za kodi katika mji wa Rouen, Ufaransa. Mwaka 1654 aliandikiana barua na mwanahisabati mwenzake Pierre de Fermat kuhusu namna ya kugawana fedha za mchezo wa kamari uliokatizwa kabla ya kwisha, na katika barua hizo nadharia ya uwezekano ilianza kupata umbo. Baadaye aliichukua hesabu hiyo akaipeleka kwenye dini. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1670, miaka minane baada ya kufa kwake, alimwambia asiye na imani kwamba aishi kama Mungu yupo: akiwa amekosea, alichopoteza ni kidogo, akiwa amepatia, alichopata hakina mwisho.

Hoja ya muuzaji wa waranti ni ndugu ya hoja hiyo. Toa kidogo sasa, uepuke makubwa baadaye. Ila hoja ya Pascal inasimama kwa nguzo moja, nayo ni kwamba kinachowaniwa hakina kikomo. Ukiiondoa nguzo hiyo, jengo lote linaanguka. Kompyuta ina kikomo. Hasara kubwa kabisa inayoweza kutokea ni bei ya kompyuta nyingine, na kwa hiyo fedha inayotolewa kuikinga lazima ipimwe dhidi ya bei hiyo na dhidi ya uwezekano wa kuharibika. Hapa hofu haiwezi kuchukua nafasi ya hesabu.

Kitu pekee kinachokaribia kutokuwa na kikomo kimo ndani ya kompyuta: tasnifu ya miaka mitatu, picha za marehemu mama, daftari la madeni ya duka. Hicho ndicho ambacho waranti haikigusi. Masharti ya watengenezaji wengi yanasema wazi kwamba kampuni haiwajibiki kwa data zitakazopotea, na kwamba mteja atunze nakala zake kabla ya kuileta mashine. Diski ikifa, mwenye waranti atapewa diski mpya iliyo tupu. Wengi hulijua hili siku ya msiba, na inasikitisha, kwa sababu diski ya nje ya kuhifadhia nakala mara nyingi ni bei nafuu kuliko waranti yenyewe.

Mwanahisabati Daniel Bernoulli aliisogeza hoja mbele mwaka 1738, katika makala iliyochapishwa na chuo cha sayansi cha St. Petersburg. Alichukua mfano wa mfanyabiashara aliyenunua bidhaa Amsterdam, ambazo zikifika salama St. Petersburg zitauzwa rubo 10,000. Msimu ule, kati ya meli 100 zinazosafiri, tano huzama. Muuza bima anataka rubo 800. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni bei ya kunyonya, maana hasara ya wastani ni rubo 500 tu. Je, akatae?

Bernoulli alijibu kwamba inategemea mtu ana nini nyumbani. Akiwa na mali nyingine isiyofikia rubo 5,043, alipe. Akiwa na zaidi ya hapo, asilipe, aibebe hatari mwenyewe. Na yule anayeuza bima naye, ili biashara hiyo iwe ya busara kwake, awe na mali isiyopungua rubo 14,243. Meli ni ileile, bahari ileile, bei ileile, lakini uamuzi ulio sahihi kwa mmoja ni kosa kwa mwingine. Rubo moja kwa mwenye rubo kumi haina uzito sawa na rubo moja kwa mwenye elfu kumi.

Tuseme sasa kompyuta mpakato imeuzwa shilingi 1,200,000 na waranti ya miaka miwili ya nyongeza inauzwa 150,000. Tuseme pia mashine moja kati ya kumi huharibika katika kipindi hicho, kwa kasoro inayokubaliwa na waranti, na matengenezo hugharimu wastani wa 400,000. Hasara inayotarajiwa kwa kila mashine ni 40,000. Ofisi yenye kompyuta 50 haina sababu ya kulipa 150,000 kwa kila moja. Iweke akiba, itengeneze zitakazokufa, na bado itabakiwa na fedha. Mwanafunzi ambaye familia yake iliuza mashamba ya mpunga ili anunuliwe mashine hiyo moja yuko upande wa pili wa mstari wa Bernoulli. Kwake 400,000 za ghafla katikati ya muhula zina maana ya kuacha utafiti, labda kuacha chuo. Huyo anaweza kulipa zaidi ya thamani ya hatari na akawa hajapumbazwa.

Hata hivyo, busara ya kulipa haimalizi swali kama malipo yenyewe ni halali, na juu ya hilo sheria ya Kiislamu ina mjadala mpana kuliko wengi wanavyodhani. Msingi wake ni hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa swahaba Abu Hurayra, inayokataza biashara ya gharar, yaani muamala ambao kiini chake hakijulikani. Mafakihi walitoa mifano ya samaki aliye bado majini na ndege aliye bado angani. Mtu akilipia kitu cha namna hiyo, upande mmoja utamdhulumu mwingine bila yeyote kujua mapema ni upi.

Bima ilipowafikia mafakihi, iliwafikia kwa njia ya bahari. Ibn Abidin wa Damascus, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 1836, aliandika juu ya wafanyabiashara waliowalipa watu wa nchi za kigeni ili walipwe mzigo ukizama, naye hakuihalalisha fidia hiyo. Karne moja na zaidi baadaye, katika mji huohuo mwaka 1961, mwanachuoni Mustafa al-Zarqa alisimama kuitetea bima kama mkataba mpya usio na kamari ndani yake. Hoja yake haikushinda. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1985 liliamua kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharar kubwa inayoubatilisha mkataba, na kwamba mbadala wake ni bima ya ushirika, ambayo washiriki huchangiana kwa nia ya kusaidiana.

Waranti iko wapi hapo? Wanachuoni wengi wa zama hizi hutofautisha. Waranti inayokuja ndani ya bei ya bidhaa haina tatizo: muuzaji anasimama nyuma ya alichokiuza, na ni haki yake kuahidi kwamba hakina kasoro. Mkataba wa huduma, kwamba fundi atakuja kila baada ya miezi kadhaa kusafisha feni, kubadilisha vifaa vilivyochoka na kuangalia betri, nao unaelekea kuwa ujira wa kazi inayojulikana. Tatizo ni waranti inayouzwa peke yake, kwa bei yake, mara nyingi na kampuni ya tatu ambayo haikutengeneza wala kuuza kompyuta. Mteja anatoa 150,000. Huenda akapata mashine nzima, huenda hata skrubu moja isifunguliwe. Hapo wengi wanaona bima imebadilishwa jina, na hukumu yake ni ya bima.

Hukumu hii inastahili heshima hata kwa asiye Mwislamu, kwa sababu inauliza swali ambalo Bernoulli hakuliuliza. Yeye alitaka kujua kama mnunuzi anafaidika. Mafakihi wanataka kujua pia faida ya muuzaji inatoka wapi. Ikiwa inatokana na kazi au na bidhaa, sawa. Ikiwa inatokana na wingi wa watu waliolipa wakasahau, waliopoteza risiti, au walioambiwa kwamba kasoro yao haimo katika mkataba, hiyo ni fedha ya namna nyingine.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba kujikinga kwenyewe ni upungufu wa imani. Hoja hiyo haina miguu. Mtume alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Hadithi hiyo imo katika mkusanyo wa Tirmidhi. Hata Waamishi wa Marekani, Wakristo wanaojulikana kwa kukataa bima za kibiashara, hawakai bila kujikinga. Ghala la mmoja likiungua, majirani hukusanyika kulijenga upya, na gharama za hospitali hubebwa na jumuiya. Mwaka 1965 sheria ya Marekani iliwaruhusu wale waliojiajiri wasichangie hifadhi ya jamii ya taifa kwa sababu hiyo. Walichokikataa ni kumfanya mtu wa mbali anayetafuta faida kuwa mbebaji wa msiba wa jirani.

Ukiisoma karatasi ya waranti kwa utulivu, hoja za mafakihi zinaonekana moja moja. Betri haimo, kwa kuwa huhesabiwa kuwa kitu cha kuisha. Kioo kilichopasuka hakimo. Umeme uliorudi kwa kishindo na kuunguza bodi haumo. Chai iliyomwagika juu ya kibodi haimo, na hapo hakuna la kubisha: ndani ya mashine nyingi kuna kibandiko cheupe, kidogo kuliko kucha, ambacho kikiguswa na maji hugeuka chekundu. Fundi wa kampuni hukitazama hicho kwanza. Fundi wa mtaani atang'oa betri, atasugua bodi kwa mswaki na spiriti, atatafuta kutu ya kijani kwenye miguu ya vifaa, na mara nyingine mashine itawaka. Ajali zinazoua kompyuta katika nchi za umeme wa kukatikakatika na daladala zilizojaa ndizo zilizotolewa nje ya mkataba. Kinachobaki ni kasoro za kiwandani, ambazo mara nyingi hujitokeza mapema, mashine ikiwa bado ndani ya mwaka wa kwanza uliokwisha kulipiwa.

Tena, baadhi ya kinachouzwa ni haki ambayo mnunuzi anayo tayari. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya (Sura ya 31) na Tanzania (Sura ya 214), zilizofuata ile ya Uingereza ya 1893, zinamwekea mfanyabiashara sharti la kuuza kitu chenye ubora unaokubalika na kinachofaa kwa kazi aliyoambiwa. Kompyuta inayokufa wiki ya sita bila kosa la mwenyewe inaweza kudaiwa bila waranti yoyote ya kulipia. Ni wauzaji wachache sana watakaolitaja hilo kaunta.

Kwa mwanafunzi yule wa mashine moja, basi, ushauri wa kweli una mambo mawili. Kama upo mkataba unaotaja kwa maandishi kuanguka, maji na umeme, wenye karakana katika mji anaoishi na idadi ya siku za kurudishiwa mashine, na dhamiri yake ya dini inauruhusu, anunue bila aibu. Kama hakuna, hiyo 150,000 inunue diski ya nakala na kilinda umeme, na kinachobaki kiingie katika mfuko wa wanafunzi kumi wanaoaminiana, mahesabu yakiwa wazi na kilichobaki mwisho wa mwaka kikirudishwa kwao. Hilo si jambo geni: watu wanaocheza upatu wanajua kuaminiana kwa fedha, na kampuni ya kwanza ya takaful, yaani bima ya ushirika ya Kiislamu, nchini Kenya ilianza kazi mwaka 2011 kwa msingi wa kuchangiana huohuo.

Serikali nazo zina la kufanya. Uingereza, baada ya uchunguzi wa mwaka 2003 kubaini kwamba ushindani katika waranti za vifaa vya umeme ulikuwa dhaifu, ilitoa amri mwaka 2005. Duka lazima lionyeshe bei ya waranti pamoja na bei ya bidhaa, bei hiyo ibaki ileile kwa siku 30 ili mteja aende akafikiri, na aliyenunua anaweza kuvunja mkataba ndani ya siku 45 na kurudishiwa fedha zake zote kama hajadai chochote. Dar es Salaam na Nairobi zingeweza kuandika kanuni ya namna hiyo bila gharama kubwa, na mnunuzi angeipeleka karatasi nyumbani akaisome na mwenzake, au na sheikh, au na mchungaji, kabla ya kutoa shilingi.