Imani na Akili Chini ya Mlima Nyiragongo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. 

Baada ya darasa letu la Ijumaa, dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza swali ambalo naamini wengi wenu mnalo moyoni. Alisema: "Kaka, chuoni tunafundishwa kwamba ardhi hutetemeka kwa sababu ya nguvu zilizo chini yake. Msikitini tunaambiwa ni amri ya Allah. Nishike lipi?"

Kwetu sisi wa Gisenyi, hilo si swali la mtihani. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na mbingu ya upande wa Goma ikawa nyekundu. Maelfu ya watu walivuka mpaka wakaingia kwetu na walichoweza kubeba. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo, nyumba nyingi za Rubavu zikapasuka kuta, na familia zikalala nje. Katika siku zile nilisikia kauli mbili. Mmoja alisema: "Watu wa Goma wameadhibiwa kwa maasi yao." Mwingine alisema: "Ni mawe yaliyoyeyuka tu, Mungu haingii hapa." Zote mbili nazikataa, na hoja yangu naichukua kwa Mtume (s.a.w.).

Mwaka wa 10 Hijria alifariki mwanawe mdogo, Ibrahim. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Kwa mtu anayetafuta utukufu, hakuna maneno matamu kuliko hayo. Angenyamaza tu yakaenea. Lakini yeye, akiwa na msiba wake, aliwasahihisha. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Haya yamo katika Bukhari na Muslim. Kisha tazameni alichokifanya: aliwaswalisha watu swala ndefu, akawaamrisha dua na sadaka. Aliikataa sababu ya uongo, na bado akasujudu.

Basi dada yangu, shika yote mawili, kwani kila moja lina swali lake. Jiolojia inakueleza mlima unavyofanya kazi. Imani inakueleza mlima ni wa nani, na wewe unadaiwa nini unapolipuka.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutumia mfano huu wa kupatwa kwa jua mwanzoni mwa kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Alionya kwamba anayepinga hesabu za wataalamu wa falaki akidhani anaitetea dini, huyo anaidhuru. Aliyezielewa hesabu hizo hataacha kuziamini. Ataishia kuitilia shaka dini aliyoambiwa inazipinga. Ndugu zangu, ni vijana wangapi tumewapoteza kwa njia hii?

Na yule aliyesema "wameadhibiwa", nani alimpa habari ya ghaibu? Katika Suratul Israa aya ya 36 tunakatazwa kufuata tusilo na elimu nalo, na tunaambiwa kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Zaidi ya watu 30 walifariki katika mlipuko ule. Kumwambia mzazi aliyepoteza mtoto kwamba hiyo ni hukumu ya Allah juu yake ni kumsemea Allah asiyoyasema. Nyufa zilipofika kwenye kuta zetu wenyewe, sikuisikia tena kauli ile.

Wapo pia wanaosema kutahadhari ni upungufu wa imani. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham alisikia kuna tauni. Akashauriana na masahaba, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba anaitoka kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kutoingia katika nchi yenye tauni, na aliyemo asitoke kuikimbia. Umar akamhimidi Allah: shauri la watu wenye akili lilikuwa limeafikiana na Sunna.

Akili hii inaokoa watu. Ng'ambo ya mpaka, Goma na Sake, kuna hewa inayoitwa mazuku, inayotoka ardhini na kuua bila moshi wala sauti. Ni rahisi kusema ni pepo wabaya. Wataalamu wameipima: ni hewa ukaa, nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni, na kwa hiyo humdhuru mtoto kabla ya mtu mzima aliyesimama. Anayeweka alama ya hatari kwenye shimo lile ameokoa nafsi, na Qur'an imempa mwokoa nafsi moja daraja la aliyeokoa watu wote.

Lakini akili nayo isijione. Mwaka 2021 wataalamu hawakuweza kutoa tahadhari kabla ya mlipuko. Na hata kipimo kingesoma sawasawa, kisingemfungulia mgeni mlango saa sita za usiku. Waliofungua waliongozwa na kitu kingine.

Basi, wewe unayesoma sayansi, soma kwa bidii na utie nia. Hiyo ni ibada. Nawe unayepanda mimbari, kabla ya kutaja adhabu, uliza wanaojua, na kama hujui nyamaza. Aal Imran aya ya 190 na 191 zinawasifu wenye akili kwa kumkumbuka Allah na kutafakari uumbaji wake kwa pamoja. Tusivitenganishe.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, zilinde Gisenyi na Goma, na uwarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.