Siku Moja Zaidi Langtang

Wengi wanaopanga safari ya miguu katika milima ya Himalaya huanza na picha ya kilele. Anayelijua bonde la Langtang, kaskazini mwa Kathmandu nchini Nepal, huanza na hesabu ya malazi: atalala wapi, mwinuko gani, na nani atakuwa amembebea mzigo hadi hapo. Ni hesabu ndogo, lakini ndiyo inayomwonyesha mtu jinsi alivyo, kwa sababu fedha zikibana, vitu viwili hukatwa kabla ya vingine vyote: siku ya mapumziko na ujira wa mpagazi. Vyote viwili vinapaswa kuwa vya mwisho kuguswa.

Gari kutoka Kathmandu huchukua karibu kutwa nzima kufika Syabrubesi, mji mdogo ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kuanzia hapo ni miguu. Njia hupanda msituni kandokando ya mto Langtang Khola hadi mahali paitwapo Lama Hotel, mita 2,400 hivi. Siku ya pili, kwa ratiba nyingi zinazouzwa, msafiri hulala kijiji cha Langtang, mita 3,430. Siku ya tatu hufika Kyanjin Gompa, mita 3,870, chini ya mlima Langtang Lirung unaozidi mita 7,200. Baada ya hapo hupanda kilima kimoja kupiga picha, kisha safari ya kurudi huanza.

Ratiba hiyo inavutia kwa bei na kwa ufupi wake. Kasoro yake iko siku ya pili. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana yake, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kutoka Lama Hotel hadi kijiji cha Langtang ni kupanda mita 1,000 kwa siku moja. Wapo wanaofika salama. Wapo pia wanaoamka na kichwa kinachogonga, kichefuchefu, na hamu ya chakula imekwisha, halafu asubuhi wanaambiwa wasonge mbele kwa sababu chumba cha mbele kimeshawekwa.

Dawa ya tatizo hilo ipo njiani. Panaitwa Ghoda Tabela, karibu mita 3,000, na pana nyumba za chai. Anayelala hapo anaongeza siku moja kwenye safari, pamoja na gharama ya kitanda na sahani ya chakula. Akifika Kyanjin alale angalau siku mbili kabla ya kuifikiria Tserko Ri, kilele cha karibu mita 5,000 ambacho wengi hukipanda alfajiri. Waongozaji wa Kilimanjaro wanalijua jambo hili vizuri. Ndiyo maana safari ya siku sita kwa njia ya Marangu humlaza mgeni kambi ya Horombo usiku mmoja wa ziada kabla ya kumpeleka kambi ya juu ya Kibo. Mwili wa binadamu ni uleule, Moshi na Nepal.

Dalili mbaya nazo zinafaa kujulikana kabla ya kupanda ndege. Mtu akianza kuyumba anapotembea, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi hali amekaa tu, hapaswi kungojwa mpaka asubuhi. Ateremshwe, hata kama ni usiku, na asiteremke peke yake. Kuna dawa, asetazolamidi, ambayo husaidia mwili kuzoea hewa haba. Daktari aulizwe mapema, kwa maana haimfai kila mtu. Na bima isainiwe baada ya kusoma yale maandishi madogo: inafika mwinuko gani, na inalipia helikopta kwa masharti gani. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa uokoaji wa uongo, ambapo wasafiri wenye malalamiko madogo walipakiwa kwenye helikopta ili bima zitozwe fedha nyingi.

Nyumba ya chai yenyewe si hoteli, na anayeitegemea iwe hoteli atanung'unika safari nzima. Ni nyumba ya familia iliyoongezewa vyumba. Kuta za vyumba ni mbao nyembamba. Jirani akikohoa unamsikia. Kitanda, godoro, blanketi nzito, basi. Joto liko sebuleni tu, kwenye jiko la chuma lililowekwa katikati, linalokokwa kwa kuni au, kule juu miti inakokwisha, kwa kinyesi kikavu cha yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu. Jioni wote hulizunguka: mgeni, mwongozaji, mama mwenye nyumba, mtoto anayemaliza kazi ya shule. Soksi zimetundikwa juu. Daftari la maagizo linapita mkono kwa mkono, kila mtu anaandika atakachokula na saa atakayokula, kwa kuwa mpishi ni mmoja na moto ni mmoja.

Chumba hutozwa bei ndogo, na mwenyeji anategemea mgeni ale hapo hapo. Anayelala kwa bei ya chee kisha akaenda kula kwa jirani anakuwa amemdhulumu mtu. Chakula cha busara ni dal bhat: wali, mchuzi wa dengu, mboga na achari, na mwenye nyumba hurudi na sufuria kukuongezea. Nyama iachwe. Imebebwa mgongoni kwa siku kadhaa bila barafu, na kwa msomaji Mwislamu, sahani ya dengu na mboga inaondoa pia swali la nani alichinja na kwa namna gani. Bei zitapanda kadiri njia inavyopanda, na hakuna haki ya kulalamika: kila chupa ya soda na kila kilo ya mchele imefika kwa nyumbu au kwa mgongo wa mtu. Huko juu hakuna benki, kwa hiyo rupia za kutosha zibebwe kutoka Kathmandu.

Karatasi za safari zinahitaji asubuhi moja tu. Langtang ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1976 na ina kiingilio chake, na tangu Aprili 2023 Bodi ya Utalii ya Nepal inamtaka mgeni anayepita njia za namna hii awe na mwongozaji mwenye leseni. Baadhi ya wasafiri waliolizoea bonde wakiwa peke yao waliona wameongezewa mzigo. Sheria hiyo inastahili kuungwa mkono. Mwongozaji aliyezaliwa Rasuwa, wilaya lilimo bonde hili, anajua mteremko upi hudondosha mawe mchana, na anamjua mwenye nyumba kwa jina.

Kuhusu mpagazi, mambo yasemwe wazi. Mzigo hufungwa pamoja, mara nyingi mabegi ya wageni wawili, au hutiwa kwenye doko, kapu la mianzi. Mkanda wa namlo huanzia chini ya mzigo ukapita juu ya paji la uso, na shingo ndiyo inayobeba. Mkononi ana fimbo fupi yenye kichwa kipana, ambayo huiegesha chini ya mzigo apumzike akiwa amesimama, kwa kuwa kuutua na kuuinua tena ni kazi nyingine. Wengi wao ni wakulima kutoka mabonde ya chini, na hewa haba huwaumiza sawasawa na mgeni. Kundi la kimataifa la kuwatetea wapagazi, lililoundwa mwaka 1997, linataka mzigo Nepal usizidi kilo 30, mpagazi apewe nguo za baridi na mahali pa kulala, na akiugua asiteremshwe peke yake. Kilimanjaro kikomo ni kilo 20 na mizigo hupimwa getini; tangu mwaka 2003 upo mradi mjini Moshi unaofuatilia ujira na matunzo ya wapagazi. Afrika Mashariki ina la kufundisha hapa, na Mtanzania au Mkenya anayekwenda Himalaya ana kila sababu ya kuuliza maswali yaleyale anayotaka mgeni ayaulize kwenye njia ya Machame, Kilimanjaro.

Langtang ina sababu nyingine ya kutendewa kwa heshima. Tarehe 25 Aprili 2015, saa sita mchana kasoro dakika nne, tetemeko la kipimo cha 7.8 liliitikisa Nepal. Barafu na mawe vilimeguka kutoka miteremko ya Langtang Lirung vikakifukia kijiji cha Langtang, na upepo uliosukumwa na poromoko hilo ukalaza miti upande wa pili wa bonde. Zaidi ya watu 200 walifia hapo: wenyeji, waongozaji, wapagazi, wageni. Nyumba moja iliyokingwa na mwamba ndiyo iliyosalia. Waliookoka walikaa kambini Kathmandu kwa miezi, kisha wakarudi kujenga upya kando ya kifusi. Leo njia inapita juu ya kifusi hicho, na chini yake kuna watu ambao miili yao haikupatikana. Hapo si pa kupigia picha za kuchekesha.

Walirudi kwa sababu ardhi ni yao, yaki ni wao, na kiwanda kidogo cha jibini cha Kyanjin, kilichoanzishwa miaka ya 1950 kwa utaalamu wa Waswisi, bado kilikuwa na maana kwao. Walirudi pia kwa sababu waliamini wageni watarudi. Usiku wa ziada Ghoda Tabela au Kyanjin ni fedha inayoingia moja kwa moja kwenye nyumba hizo.

Kwa hiyo, msomaji unayeifikiria safari hii, kabla ya kutuma malipo ya kwanza mwandikie wakala wako. Muulize utalala wapi kila siku na kwa mwinuko gani, mpagazi atabeba kilo ngapi, atalala wapi, na nani amelipia bima yake. Taka majibu kwa maandishi. Akizungukazunguka, mwache; Kathmandu ina mawakala wengi, na wapo watakaokujibu siku hiyohiyo.